Ephraim McDowell

Ephraim McDowell (11 Novemba 1771 – 25 Juni 1830) alikuwa daktari mpasuaji wa Marekani. Anakumbukwa hasa kwa upasuaji alioufanya tarehe 25 Desemba 1809 katika mji mdogo wa Danville, Kentucky, alipompasua tumbo Jane Todd Crawford na kumtoa uvimbe wa ovari wenye uzito wa kilogramu 10 hivi. Mgonjwa hakupewa dawa ya usingizi, kwa kuwa ilikuwa bado haijapatikana. Alipona na kuishi zaidi ya miaka 32 baada ya siku hiyo.

Kwa kawaida upasuaji huo huhesabiwa kuwa wa kwanza uliofaulu wa kuondoa uvimbe wa ovari kwa kufungua tumbo. Kwa sababu hiyo McDowell huitwa baba wa upasuaji wa ovari, na wengine humwita baba wa upasuaji wa tumbo kwa jumla.

Maisha ya awali

McDowell alizaliwa katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Rockbridge, Virginia. Wazazi wake walikuwa Samuel McDowell na Sarah McClung. Familia ilikuwa kubwa, na asili yake ilikuwa ya Waskoti waliokuwa wamehamia Ireland kabla ya kuvuka bahari kwenda Amerika.

Baba yake alikuwa mtu wa siasa na sheria. Mwaka 1784 aliihamisha familia kwenda Danville, wakati Kentucky ilipokuwa bado sehemu ya Virginia. Huko alikuwa hakimu, na alikuwa mwenyekiti wa mikutano iliyoandaa Kentucky kuwa jimbo la kujitegemea, jambo lililotimia tarehe 1 Juni 1792.

Kijana Ephraim alirudi Virginia kujifunza udaktari. Wakati huo Wamarekani wengi hawakupitia chuo kikuu ili kuwa madaktari, bali walikuwa wanagenzi wa daktari mzoefu. McDowell alikaa miaka mitatu kwa Dkt. Alexander Humphreys katika mji wa Staunton. Baadaye alikwenda Uskoti kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambacho kilikuwa kati ya vyuo vya tiba vyenye sifa kubwa zaidi duniani.

Pamoja na masomo ya chuo, alihudhuria mafunzo binafsi ya John Bell, mpasuaji na mtaalamu wa anatomia aliyefundisha nje ya chuo. Inaelezwa kwamba Bell aliwazungumzia wanafunzi wake hali ya kusikitisha ya wanawake wenye uvimbe wa ovari, na kwamba maneno yake yalibaki akilini mwa McDowell. Hata hivyo McDowell aliondoka Edinburgh bila kupata shahada.

Kazi katika Danville

Mwaka 1795 McDowell alirudi Danville akaanza kutibu. Mji ulikuwa na watu wachache, lakini ni madaktari wachache tu waliokuwa wamesomea upasuaji upande ule wa milima ya Appalachia. Alisafiri kwa farasi mwendo mrefu kuwafikia wagonjwa, na punde akajulikana kuwa mpasuaji hodari kuliko wote wa eneo hilo.

Mwaka 1802 alimwoa Sarah Shelby, binti wa Isaac Shelby, gavana wa kwanza wa Kentucky. Walijaliwa watoto sita.

Tatizo la uvimbe wa ovari

Ovari ni viungo viwili vidogo vilivyoko kila upande wa mji wa mimba, na kazi yao ni kutoa mayai na homoni za kike. Uvimbe wa ovari unaweza kuwa mgumu au kuwa mfuko uliojaa majimaji au ute mzito. Aina nyingine si saratani, nyingine ni saratani. Hata ule usio wa saratani unaweza kuendelea kukua hadi kujaza tumbo lote, ukabana utumbo, kibofu na mapafu. Leo ni nadra kuona uvimbe wa ukubwa huo, kwa sababu wagonjwa wengi hutambuliwa mapema.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mambo yalikuwa tofauti. Daktari hakuwa na picha za eksirei wala altrasaundi, wala kipimo cha mimba. Hata kifaa cha kusikiliza moyo, ambacho baadaye kilitumika kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, kilibuniwa na Mfaransa René Laennec mwaka 1816 tu. Kwa hiyo tumbo lililovimba liliweza kudhaniwa kuwa mimba, maji ya tumbo, unene au uvimbe, na daktari alitegemea mikono yake na maelezo ya mgonjwa.

Tiba pia ilikuwa hafifu. Madaktari waliweza kutoboa tumbo na kupunguza majimaji, lakini yalijaa tena. Mwaka 1701 Robert Houston wa Glasgow aliwahi kufungua uvimbe wa namna hiyo na kutoa ute uliokuwa ndani, lakini hakutoa ovari yenyewe. Madaktari wengi waliamini kwamba kufungua tumbo kwa makusudi ni sawa na kumwua mgonjwa, kwa kuwa uambukizo wa utando wa ndani ya tumbo uliwaua karibu wote waliopata majeraha ya hapo. Basi mwanamke mwenye uvimbe mkubwa aliachwa hadi kufa.

Jane Todd Crawford

Mnamo Desemba 1809 McDowell aliitwa nyumbani kwa Jane Todd Crawford karibu na Greensburg, umbali wa kilomita 100 hivi kutoka Danville. Bibi Crawford alizaliwa mwaka 1763, tena katika eneo lile lile la Virginia alikozaliwa McDowell. Tumbo lake lilikuwa limekuwa kubwa sana, naye alikuwa na maumivu yanayofanana na uchungu wa kuzaa. Madaktari wawili waliomwona kabla waliamini kuwa ni mjamzito na kwamba siku zake zimetimia. McDowell aliitwa ili asaidie kumzalisha.

McDowell alimpima upya bila kufuata maoni ya wenzake. Aligundua kwamba uvimbe ulikuwa umeelekea upande mmoja, lakini uliweza kusukumwa kwa urahisi hadi upande wa pili. Kisha alipima kwa njia ya uke akakuta mji wa mimba ni mtupu. Kutokana na mambo hayo mawili alihitimisha kwamba hakuna mtoto, na kwamba kilichokua ni ovari. Utambuzi huo ulibadilisha kila kitu: kama angeendelea kusubiri kujifungua, mgonjwa angekufa bila mtu kujua sababu.

Alimweleza mgonjwa ukweli wote. Alimwambia kuwa hali yake ni ya hatari, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuona uvimbe mkubwa kiasi hicho ukitolewa wala kusikia kwamba upasuaji wa namna hiyo umewahi kufaulu. Alisema kuwa yuko tayari kujaribu iwapo mgonjwa atakuja Danville. Bibi Crawford alikubali. Alisafiri kwa farasi wakati wa baridi kali, uvimbe ukiwa umeegemea pembe ya mbele ya tandiko. Alipofika ngozi ya tumbo lake ilikuwa na michubuko.

Upasuaji wa 25 Desemba 1809

Upasuaji ulifanyika nyumbani kwa McDowell siku ya Krismasi. Alisaidiwa na mpwa wake, James McDowell, ambaye pia alikuwa daktari. Mgonjwa, aliyekuwa na umri wa miaka 46, alilala juu ya meza. Inasimuliwa kwamba alikuwa akisoma Zaburi kwa sauti wakati wote ili kustahimili maumivu.

McDowell alikata upande wa kushoto wa tumbo, jeraha lenye urefu wa sentimita 23 hivi. Mara tu tumbo lilipofunguka, utumbo ulitoka nje ukamwagika mezani, na haukuweza kurudishwa kwa sababu nafasi yote ilikuwa imejaa uvimbe. Uvimbe wenyewe ulikuwa mkubwa mno kutolewa mzima. Alifunga kwanza uzi imara kuzunguka mrija wa uzazi karibu na mji wa mimba ili kuzuia damu. Kisha akaupasua uvimbe na kutoa ute mzito wenye uzito wa kilogramu 6.8. Baada ya hapo alikata mrija na kuondoa mfuko uliobaki, uliokuwa na kilogramu 3.4.

Kazi yote ilichukua dakika 25 hivi. Kabla ya kufunga jeraha alimgeuza mgonjwa alale kwa ubavu wa kushoto ili damu iliyobaki imwagike nje. Alishona, lakini aliacha ncha ya uzi wa ndani itokeze kwenye mwisho wa chini wa jeraha ili uweze kutoka baadaye.

Siku tano baadaye McDowell alipokwenda kumwona, alimkuta amesimama akitandika kitanda chake mwenyewe. Alishangaa, akamwonya atulie. Baada ya siku 25 Bibi Crawford alirudi kwao kwa farasi kama alivyokuja. Baadaye alihamia Indiana, na alifariki huko mwaka 1842 akiwa na umri wa miaka 78. Alikuwa ameishi miaka 12 zaidi ya daktari wake.

Kutokana na maelezo ya ute uliotoka, wataalamu wa baadaye wamefikiri kwamba uvimbe huo ulikuwa wa aina ya mfuko wa ute, na kwa kuwa haukurudi katika miaka yote hiyo, inaelekea haukuwa saratani. Hakuna aliyeuchunguza kwa hadubini, kwani uchunguzi wa tishu kwa njia hiyo ulikuwa bado haujaanza kutumika katika tiba.

Simulizi za miaka ya baadaye zinadai kwamba umati ulikusanyika nje ya nyumba na kamba tayari, ukikusudia kumnyonga daktari iwapo mgonjwa angekufa. Habari hiyo haimo katika taarifa ya McDowell mwenyewe, na wanahistoria wengi huiona kuwa hadithi iliyoongezwa.

Wagonjwa waliofuata

McDowell hakuwa mtu wa kuandika sana. Alisubiri hadi mwaka 1817 ndipo alipochapisha taarifa katika jarida la tiba la Philadelphia lililoitwa The Eclectic Repertory and Analytical Review. Taarifa ilikuwa fupi na ilieleza wagonjwa watatu: Bibi Crawford na wanawake wawili Weusi. Mwaka 1819 aliongeza habari za wengine wawili, nao pia walikuwa wanawake Weusi. Kati ya hao watano wa kwanza mmoja alifariki. Inakadiriwa kuwa katika maisha yake alifanya upasuaji huo mara 12 hivi.

Kentucky ya wakati huo ilikuwa jimbo la utumwa. Jina la Bibi Crawford linajulikana, na uamuzi wake wa kukubali upasuaji umeandikwa. Majina ya wale wanawake wanne hayakuandikwa. Mtumwa hakuwa na haki ya kisheria ya kukubali au kukataa matibabu, kwa kuwa mwenye kuamua alikuwa bwana wake. Kwa sababu hiyo wanahistoria wa siku hizi husisitiza kwamba mafanikio ya McDowell yalijengwa pia juu ya miili ya wanawake ambao hatujui kama waliulizwa. Nao pia walivumilia kisu bila dawa ya usingizi.

Upinzani

Taarifa ya 1817 ilipokelewa kwa mashaka. Baadhi ya madaktari wa Marekani walilalamika kwamba ilikuwa na maelezo machache mno, na wengine hawakuamini kabisa. Ilionekana ajabu kwamba daktari wa kijijini asiye na shahada amefanya jambo ambalo wapasuaji wa London, Paris na Edinburgh walilikataa.

Mpinzani mkali zaidi alikuwa James Johnson, mhariri wa jarida moja la tiba la London. Aliikejeli taarifa hiyo, na alipoona kwamba wagonjwa wengi walikuwa Weusi alidai kuwa wanawake Weusi huvumilia kukatwa karibu kama wanyama. Maneno hayo yanaonyesha ubaguzi uliokuwamo katika tiba ya wakati huo. Baadaye, habari za mafanikio zilipozidi, Johnson alikiri hadharani kwamba alikosea kumtilia mashaka McDowell na akaomba radhi.

McDowell alikuwa amepeleka nakala ya taarifa kwa mwalimu wake wa zamani, John Bell. Lakini Bell alikuwa amekwenda Italia kwa sababu ya ugonjwa, na alifariki Roma mwaka 1820. Nakala iliangukia mikononi mwa John Lizars, mpasuaji wa Edinburgh, ambaye alijaribu upasuaji huo mwenyewe na kuchapisha habari zake pamoja na zile za McDowell katika miaka ya 1820. Kwa njia hiyo kazi ya Danville ilijulikana Ulaya.

Upasuaji wa James K. Polk

McDowell alikuwa mahiri pia katika kutoa mawe ya kibofu cha mkojo. Mwaka 1812 aliletewa kijana wa miaka 17 kutoka Tennessee, James K. Polk, aliyekuwa akiteseka kwa maumivu ya mawe hayo. Upasuaji ulifaulu na kijana akapata afya. Mwaka 1845 Polk alikuwa rais wa 11 wa Marekani. Hakupata watoto, na waandishi kadhaa wamefikiri kwamba huenda upasuaji ule ndio uliosababisha.

Miaka ya mwisho na kifo

Mwaka 1825 Chuo Kikuu cha Maryland kilimpa McDowell shahada ya heshima ya udaktari, miaka 30 baada ya kuanza kazi. Alishiriki pia katika maendeleo ya mji wake, na alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Chuo cha Centre kilichoanzishwa Danville mwaka 1819.

Mnamo Juni 1830 alishikwa na maumivu makali ya tumbo pamoja na homa na kichefuchefu. Alifariki tarehe 25 Juni akiwa na umri wa miaka 58. Kwa kuangalia dalili zake, wengi hudhani kuwa ulikuwa ugonjwa wa kidole tumbo uliopasuka. Kama ni hivyo, mtu aliyeonyesha kwamba tumbo linaweza kufunguliwa salama aliuawa na ugonjwa ambao miongo kadhaa baadaye ungetibiwa kwa kufungua tumbo. Alizikwa kwenye shamba la familia ya Shelby, na mwaka 1879 mabaki yake yalihamishiwa Danville.

Maendeleo baada yake

Upasuaji wa ovari uliendelea polepole. Katika miaka ya 1840 ulifanywa na Charles Clay huko Manchester, Uingereza, na ndugu wawili John na Washington Atlee huko Pennsylvania. Mwaka 1846 dawa ya usingizi ya etha ilionyeshwa hadharani Boston, na mwaka 1867 Joseph Lister alichapisha njia yake ya kuua vijidudu katika vidonda. Huko London, Thomas Spencer Wells alianza upasuaji huo mwaka 1858 na kufikia mwaka 1880 alikuwa ameufanya mara 1000.

Kadiri uvimbe ulivyotolewa ndivyo ulivyoweza kuchunguzwa kwa hadubini, na ikadhihirika kwamba uvimbe wa ovari si ugonjwa mmoja. Leo hugawanywa katika makundi makuu matatu kulingana na seli ulikotoka: seli za utando wa juu, seli zinazozalisha mayai, na seli zinazotoa homoni. Saratani nyingi za ovari ni za kundi la kwanza, karibu asilimia 90. Makundi mengine mawili ni nadra zaidi, na baadhi yake huwapata wasichana wadogo. Tena kuna uvimbe unaotokea ovari lakini asili yake ni kiungo kingine, mara nyingi tumbo la chakula. Mjerumani Friedrich Krukenberg aliueleza mwaka 1896 akidhani umeanzia kwenye ovari zenyewe, na miaka michache baadaye wengine walionyesha kwamba ni saratani iliyosambaa kutoka kwingine. Kutofautisha aina hizo ni muhimu kwa sababu tiba zake hazifanani.

Utambuzi kabla ya upasuaji pia ulibadilika. Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha makala kuhusu kutumia mawimbi ya sauti kuchunguza uvimbe wa tumbo. Mmoja wa wagonjwa wao alikuwa mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyotibika, lakini kipimo kilionyesha mfuko mkubwa wa ovari, akapasuliwa na kupona. Lilikuwa swali lile lile lililomkabili McDowell mwaka 1809, yaani kuna nini ndani ya tumbo hili, ila sasa lilijibiwa kwa chombo kipya.

Kumbukumbu

Mwaka 1929 jimbo la Kentucky lilitoa sanamu ya McDowell iwekwe katika jengo la Bunge la Marekani mjini Washington, ambako kila jimbo huwakilishwa na sanamu mbili. Mwaka 1959, miaka 150 baada ya upasuaji wa Crawford, posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Nyumba yake ya Danville pamoja na duka la dawa la jirani ni makumbusho.

Jane Todd Crawford naye hakusahauliwa. Hospitali ya Greensburg, karibu na mahali alipoanzia safari yake ya farasi, ilipewa jina lake.